Mama hanipi radhi nirudi baharini kuokoa watu

Bi Somo, shikamoo.

Mimi ni mkunga, mzaliwa wa Wete, Pemba. Naishi Bremen, Ujerumani, na mume wangu na watoto wetu wawili, na kazi yangu ni wodi ya wazazi. Mwaka jana niliomba likizo yangu karibu yote kwa mkupuo, nikaongezea wiki kadhaa za bila malipo, nikaenda Sicily kujiunga na meli ya uokoaji. Ni zile meli za mashirika ya hiari zinazozunguka kati ya Libya, Malta na Lampedusa, kisiwa cha Italia, kutafuta boti za wahamiaji zilizokwama au zinazozama. Sikumficha mtu. Mume wangu ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege, na mama aliniombea dua kwa simu, ingawa sauti yake ilikuwa nyembamba.

Watu wakisikia habari hizi hudhani kila saa kuna mtu anavutwa majini. Siku nyingi tulikuwa tunangoja tu. Unapiga deki sitaha, unakunja mablanketi, unahesabu dawa, unakaa zamu juu na darubini mpaka macho yanawaka, na unatapika. Mie mtoto wa Pemba ndiye niliyekuwa wa mwisho kuyazoea mawimbi. Wenzangu Wajerumani walicheka hawana mbavu. Kabla ya kung'oa nanga tulifanya mazoezi bandarini yaleyale kila siku. Jaketi za kuokolea kwanza, watu baadaye. Boti ndogo isogee polepole. Sauti iwe ya chini. Uwaambie watu wakae, wasisimame, wasikimbilie upande wenu, maana boti la mpira wakiegemea wote upande mmoja limekwisha.

Tulipowapata, ilikuwa alfajiri. Boti la mpira, sakafu ya mbao nyembamba, wanaume wamekaa pembezoni mguu mmoja ndani mmoja nje, wanawake na watoto katikati. Huwakalisha katikati kwa kuwalinda wasianguke. Lakini madumu ya petroli huvuja, na petroli ikichanganyika na maji ya chumvi hutuama palepale katikati. Mtu anakaa ndani yake masaa mengi akidhani amelowa tu, kumbe anaungua. Nilimvua binti mmoja suruali ya jinzi, ngozi ya paja ikaja nayo. Yeye hakulia. Alikuwa ananiuliza, na mimi naokoteza kwa Kiarabu changu cha chuoni, kama suruali ataipata tena, maana namba ya simu ya kaka yake ameishonea kwenye pindo. Nguo zile hazirudishwi, zinatiwa ndani ya mifuko na kutupwa kwa sababu ya mvuke wa petroli. Nikalipasua pindo kwa mkasi wa bandeji, nikampa kile kipande.

Nimerudi nyumbani, kazi inaendelea. Kituo cha mafuta nikisikia harufu natetemeka, siku hizi gari anajaza mume wangu. Usingizi pia si mzuri sana. Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie.

Wameniita tena, zamu ya baada ya Idi. Wanasema wakunga ni wachache. Mume wangu anasema alikubali mara moja, hakuambiwa kuwa itakuwa desturi. Yeye ni dereva wa basi, zamu zake zinabadilika kila wiki, na kipindi kile nilipokuwa sipo aliwalea watoto kwa kuomba majirani. Nikamsomea aya ile ya mwenye kuiokoa nafsi moja. Akanijibu, "Aya naijua. Na mie je, si nafsi?" Nikakosa la kusema.

Mama ndiye mtihani mkubwa zaidi. Kaka yake alikuwemo ndani ya meli ya Spice Islander ilipozama mwaka 2011, akirudi Pemba, na hatukumwona tena. Tangu hapo mama hapandi boti. Akija Unguja hupanda kindege, hata akope nauli. Sasa kwenye kundi letu la familia la WhatsApp mtu alituma klipu ya meli ya uokoaji inamiminiwa risasi na boti ya walinzi wa pwani wa Libya. Mama anaamini ndiyo meli yangu na kwamba nilimficha, ilhali siku ile nilikuwa Bremen, kazini. Amesema safari hii hanipi radhi, na radhi ni bora kuliko mali. Amekata simu.

Halafu yupo baba mdogo, ambaye siku hizi ananiita "mwanaharakati wetu". Anasema sisi ni kivuko cha bure cha wasafirishaji haramu, kwamba tusingekuwepo watu wasingevuka, na kwamba nitafungwa Italia na aibu watabeba wao. Mchuma janga, anasema, hula na wa kwao. Ameongeza kwamba mwezi ule nilipokuwa baharini ada ya mdogo wangu chuoni ilichelewa, jambo ambalo ni kweli.

Bi Somo, niende bila radhi? Au nikae, na kila nikisikia boti imezama nijione mimi ndiye niliyekuwa sipo?

Mkunga wa Bremen

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari na pole kwa yaliyokufuata nyumbani.

Zamu ya baada ya Idi usiende. Nakwambia mapema ili usisome jibu zima roho juu. Ila sababu yangu siyo ya mama yako, wala ya mumeo, wala ya huyo baba mdogo. Sababu yangu ni kituo cha mafuta.

Umeliandika kwa haraka, katikati ya mambo mengine, ukalifunika kwa kusema silo lililokufanya uandike. Mimi nimelisoma mara tatu. Wewe ni mkunga. Angekuja mwanamke wodini kwako akakwambia harufu fulani inamtetemesha na usingizi umempotea, usingemwambia arudi kulekule harufu ilikotoka. Na kule harufu ndiyo kazi yenyewe. Mtu wa kwanza utakayempandisha kwenye ile meli huenda awe amelowa petroli, na mikono yako ndiyo itakayomvua nguo. Ikitetemeka, anayeumia ni yeye.

Kwa hiyo kwanza hilo. Mashirika mengi ya meli hizi huwa na kikao cha kuzungumza mnaposhuka, na yapo yanayomtafutia mtu mwanasaikolojia baada ya hapo. Waandikie uwaulize wanatoa nini; hii si fadhila, umeyapata ukiwa kazini kwao. Huko Ujerumani foleni za wataalamu hao ni ndefu, lakini unaweza kupiga 116117 ukaomba miadi ya kwanza ya mazungumzo na mwanasaikolojia, na daktari wako wa familia anaweza kukusaidia. Mweleze habari ya petroli na ya lile pindo kama ulivyonieleza mimi. Usimwambie "nina uchovu".

Tuje kwa mumeo, ambaye kusema kweli nimempenda. Radhi ya mtu wa nyumbani si muhuri wa pasipoti, ukigongewa mara moja umemaliza. Alikubali zamu ile. Zamu hii ni swali jipya na ana haki ya kuulizwa upya, na jibu lake likiwa "hapana" lisihesabiwe kuwa ni uchache wa imani. Umemsomea aya, na aya ni ya kweli, lakini ukimsomea aya mtu anayekuuliza nani atamchukua mtoto shule, umemfunga mdomo tu. Hukumjibu. Naye alikujibu vizuri kuliko ulivyostahili.

Safari hii kaeni na kalenda, si na aya. Zamu moja kwa mwaka, au moja kila miaka miwili. Isiangukie Ramadhani wala mitihani ya watoto. Zamu zake za basi azijue mwenye ratiba mapema, na majirani waombwe na wewe, siyo yeye. Na mwambie ukweli mmoja ambao huenda hukuupima mara ya kwanza: tarehe ya kurudi si yako. Tangu sheria ya Italia ya 2023, meli ikishaokoa watu inapangiwa bandari na inatakiwa iende huko bila kukawia, na mara nyingi bandari yenyewe ni Ravenna, Genoa au Livorno, kaskazini huko, safari ya siku kadhaa kutoka mnapowaokoa. Nahodha akikaidi, kuna faini ya maelfu ya euro na meli inaweza kushikiliwa siku 20. Mtu aliyeahidiwa wiki nne asije akapata tano kwa kushtukizwa.

Na pesa itengwe kabla. Ada ya mdogo wako iwe imelipwa ndipo ununue tiketi. Hapo baba mdogo amekushika pabaya, na ni rahisi kumwondolea.

Kwa mengine yote baba mdogo ana makosa, na nitakupa cha kumjibu, ingawa sijui kama umjibu. Hoja ya kwamba waokoaji ndio wanaowavuta watu hakuizua yeye. Wanasiasa wa Ulaya wameisema miaka. Mjibu kwa tarehe. Alfajiri ya 3 Oktoba 2013 boti ilizama karibu kabisa na Lampedusa, wakafa watu 368, wengi wao Waeritrea. Serikali ya Italia yenyewe ndiyo iliyotuma jeshi lake la majini baada ya hapo, operesheni iliyoitwa Mare Nostrum, ikaokoa watu wapatao 150,000 kwa mwaka mmoja, kisha ikasitishwa. Meli za mashirika ziliingia kwa wingi kwenye pengo hilo. Kuhusu kuvuta, watafiti waliochambua majaribio ya kuvuka Mediterania ya kati ya 2011 hadi 2020 hawakuona kwamba kuwepo kwa waokoaji kulizidisha idadi. Walichokiona ni vita, bei za bidhaa, majanga na hali ya hewa. Watu huvuka meli zikiwepo na huvuka zisipokuwepo. Tangu 2014 waliokufa au kupotea katika Mediterania nzima wameshapita 30,000, na hao ni wale tu waliofahamika.

Na hilo la kumwokoa aliye hatarini si hisani ya wanaharakati. Limo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 98, na Tanzania imeuridhia tangu 1985. Meli ya saruji inayotoka Tanga ikimkuta mtu anaelea inatakiwa isimame. Wasafirishaji haramu ni watu waovu, sibishani naye. Ndio waliomkalisha yule binti ndani ya petroli. Kumtoa humo hakukufanyi mshirika wao.

Lakini hofu ya jela usiipuuze, maana ina msingi, na kwako ina uzito zaidi kuliko kwa wenzako. Meli iitwayo Iuventa ilikamatwa na Italia Agosti 2017, mabaharia wake wakatuhumiwa kusaidia uingiaji haramu. Mahakama ya Trapani iliifuta kesi Aprili 2024, na waendesha mashtaka wenyewe ndio walioomba ifutwe. Walishinda, ila hesabu miaka. Carola Rackete, nahodha wa Sea-Watch 3, alikamatwa Juni 2019 alipoingia Lampedusa bila ruhusa akiwa na watu aliowaokoa. Jaji alimwachia baada ya siku chache, na Januari 2020 mahakama ya juu ya Italia ilikubaliana na jaji huyo. Wote hao, mwanangu, ni watu wa Ulaya, kesi ikiendelea wanarudi kwao. Wewe, kama nadhani sawa, una pasipoti ya Tanzania na kibali cha kuishi. Kibali cha Ujerumani kinakuruhusu siku 90 kati ya kila 180 katika nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, na ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 kinaweza kufa. Kwa zamu za wiki chache hilo halikugusi. Kesi ingekugusa. Kabla ya zamu nyingine nenda kwa mwanasheria wa mambo ya uhamiaji, mlipe saa moja, umuulize shtaka tu, hata lisilofika hukumu, linafanya nini kwa kibali chako na kwa ombi la uraia kama unalo. Kisha uliulize shirika, kwa maandishi, nani analipa wakili ukikamatwa. Wakikujibu kwa maneno matamu yasiyo na jibu, hiyo ni meli ya kutopanda.

Sasa mama.

Anza na klipu, kwa kuwa hapo amekosea jambo linaloweza kurekebishwa. Iliyopigwa risasi ni Ocean Viking, meli ya SOS Méditerranée, tarehe 24 Agosti 2025, ikiwa katika maji ya kimataifa na watu 87 waliokwisha kuokolewa. Boti ya walinzi wa pwani wa Libya iliifyatulia kwa muda wa dakika kama 20. Hakuna aliyejeruhiwa, ingawa vioo vilipasuka na boti zao ndogo ziliharibiwa. Wewe siku hiyo ulikuwa Bremen, kazini. Mtumie mama picha ya ratiba yako ya wodi ya siku hiyo kama unayo. Wazee wetu huamini karatasi.

Ila ukishamwonyesha kuwa hukuwemo, usiongeze kwamba kwenu hayawezi kutokea. Yanaweza. Ukimwambia hakuna hatari, mwezi ujao ataona klipu nyingine na neno lako halitakuwa na thamani tena. Mwambie hatari zilivyo, na mwambie pia siku nyingi mnavyokunja mablanketi na wewe ulivyotapika mbele ya Wajerumani. Hilo la mwisho litamfurahisha, ni mama.

Kuna hoja najua imo mdomoni mwako, kwa sababu ingekuwa mdomoni mwa yeyote. Kwamba usiku ule wa Spice Islander wavuvi na wenye boti wa Nungwi walitoka gizani, kwamba watu zaidi ya 600 walitolewa wakiwa hai, na kwamba wewe leo unawafanyia wa Eritrea na Sudan na Bangladeshi kile walichofanyiwa watu wa Pemba. Ni hoja nzuri. Kwa mama yako usiithubutu. Kaka yake hakuwa miongoni mwa hao 600. Ukimwambia hivyo unamwambia kwamba msiba wake umekuwa sababu yako ya kusafiri, na wewe hukuwa na nia hiyo. Kama hoja hiyo ina mahali katika moyo wake, ataifikia mwenyewe, na akiifikia mwenyewe haitakuwa hoja tena.

Unachoweza kufanya ni kwenda. Usimtafutie radhi kwa WhatsApp. Simu aliyoikata usiipige mara kumi. Kama tiketi ya Zanzibar inapatikana kwa zile pesa ulizotaka kufidia wiki za bila malipo, hiyo ndiyo safari ya mwaka huu. Kaa naye Wete. Muulize habari za mjomba wako, alivyokuwa, alikuwa anarudi na nini siku ile, nani alileta taarifa. Nina shaka kama tangu 2011 kuna mtoto wake aliyekaa akamuuliza. Sisi watu wa visiwani msiba wa maji tunausomea hitima kisha tunaufunga. Akishazungumza, muulize anachokihofia hasa. Wewe unadhani ni kufa. Wazee wengi niliowasikia wanahofia kitu kingine: kufa bila maiti, bila kaburi la kuzuru. Kama ni hilo, majibu yake ni ya vitendo. Awe na namba ya mtu wa shirika aliye nchi kavu. Ajue mko bahari gani wiki gani. Ajue kwamba jina lako limeandikwa mahali, kwamba meli yenu inaonekana na inasikika redioni, tofauti na chombo kilichojaa kupita kiasi usiku, ambacho mpaka leo watu wanabishana kilibeba wangapi. Hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa maiti 203, na tume iliyofuata ikataja waliokufa na kupotea kuwa zaidi ya 1,500.

Juu ya hukumu ya radhi yenyewe, mie si shekhe, na ninakushauri umuulize mwenye elimu unayemwamini badala ya kuulizia kwenye kundi la familia. Ninachokijua ni kwamba kumwokoa anayezama mbele yako na una uwezo ni jambo moja, na kufunga safari kwenda kumtafuta, huku wapo wengine wanaoweza kwenda, ni jambo jingine. Maamuma wa kawaida kama mimi naona la kwanza halingoji ruhusa ya mtu, na la pili lina nafasi ya kungoja mpaka mama apoe. Hata akipoa, huenda asikupe radhi kwa furaha. Huenda akasema tu, "Haya, Mungu akulinde," akageuza uso. Mtoto wa Kipemba anajua kwamba hiyo ni ndiyo.

Na akisema hapana moja kwa moja? Basi uamuzi ni wako, una umri, na sitakudanganya kwamba mtu anaweza kuishi maisha yote bila kumchukiza mzazi. Lakini usiufanye uamuzi huo ukiwa hulali.

Umeniuliza kama ukae na kila boti ikizama ujione wewe ndiye. Hapo nataka kukukaripia kidogo. Meli yenu ina mkunga mmoja kila zamu, siyo wewe kila zamu. Miaka ile ya Aquarius, meli nyingine ya uokoaji, watoto walizaliwa juu ya meli, wakapokewa na wakunga ambao hawakuwa wewe. Ukijibebesha maiti zote za Mediterania utaishia kutofaa baharini wala Bremen, ambako pia kuna wanawake wanaojifungua usiku na wanahitaji mkunga aliyelala. Na hata katika kazi hiyohiyo kuna sehemu ya nchi kavu ambayo haina sifa, ndiyo maana huwa na uhaba. Mashirika ya meli hizi yapo humohumo Ujerumani: Sea-Watch wako Berlin, Sea-Eye wako Regensburg. Wapo watu wanaofundisha wauguzi wapya kabla hawajapanda. Uliyonieleza juu ya wanawake kukaa katikati, na mtu anayeungua akidhani amelowa, mkunga mpya angelisikia kwako mapema angelijua kabla ya kulikuta. Hilo unaweza kulifanya Jumamosi moja, ukarudi jioni.

Jambo dogo la kando, kwa kuwa jina la "mwanaharakati" limeshaingia kwenye kundi la familia. Kama ulituma picha kutoka kule, zipitie. Yenye uso wa mtu aliyeokolewa ifute, hata kama anatabasamu, hata kama umebeba mtoto wake. Yule binti ana kaka anayemtafuta, na huenda ana wengine wanaomtafuta kwa ubaya. Picha yako ukiwa na ndoo na mopu iache. Ndiyo ya kweli zaidi.

Ukipona, mumeo akikubali kwa kalenda, wakili akiwa amekuambia la kukuambia, na umeshafika Wete, zamu za vuli zipo. Bahari ya Septemba na Oktoba bado inavukwa. Waambie sasa kwamba unaomba kufikiriwa kwa kipindi hicho, na kwamba hii ya baada ya Idi huendi. Usiwaache wakikungojea kwa kuona haya. Meli haiwezi kung'oa nanga bila timu yake ya afya, na kumpata mkunga mwingine mwenye mafunzo yanayotakiwa huchukua wiki. Andika barua pepe hiyo kesho kabla hujaingia kazini, na sababu uitaje ilivyo.

Somo